Nusu ya Moshi

Mganga Tuntufye aliniambia niweke mikono juu ya kioo, nisiibonyeze, niilaze tu kama mtu anayesubiri chakula. Mate yangu yalikuwa yameshachukuliwa. Mashine ikavuma kidogo, taa za chumba zikafifia zenyewe, na juu ya meza, mbele ya uso wangu, ikatokea mikono mingine miwili ya mwanga. Ilikuwa yangu. Hata kovu la kidole gumba, pale nilipojikata na mundu utotoni, lilikuwepo. Nikachezesha kidole, na cha mwanga kikacheza.

"Sasa tuizeeshe," akasema.

Ikazeeka. Ngozi ikalegea, mishipa ikajitokeza, kucha zikawa nene. Ilikuwa mikono ya bibi mzima wa afya, ya kupepeta mchele na kubeba wajukuu. Nikaona raha. Nikasema moyoni, kumbe nitafika huko.

"Huyo ni wewe usiyevuta. Ngoja nikuonyeshe wewe yule mwingine."

Akagusa pembeni. Mikono ikarudi ujanani, ikaanza kuzeeka upya, ila safari hii ilipofika katikati ikaharibika. Vifundo vikavimba kama tangawizi. Vidole vikainama vyote kuelekea nje, kama mtama uliopigwa na upepo wa upande mmoja, vikabaki hivyohivyo.

Sikuogopa. Kilichonijia kwanza kilikuwa kama furaha, maana nilikuwa naifahamu mikono ile na sikutegemea kuiona tena. Ilikuwa mikono ya baba.

Baba yetu, Mzee Kapela, alikuwa mtunza moto wa bani la mwisho la tumbaku hapa Kaswa, banda la udongo la kukaushia majani kwa joto. Watu walisema mengi juu ya mikono yake. Wengine walisema alizoea kutoka kwenye joto la bani na kwenda kunawa maji ya kisimani, ndiyo baridi ikaingia mifupani. Wengine walimtaja jirani mmoja kwa jina. Mwenyewe hakusema kitu. Kikombe alikishika kwa viganja viwili kama anayebeba kifaranga, na msokoto wake tulimwekea midomoni sisi, mimi na dada yangu Kulwa, kwa zamu.

Mganga alikuwa mtu wa Mbeya, mpole, mwenye kuongea kama anaogopa kumwamsha mtoto. Alinieleza kwamba nimezaliwa na mbegu mbili, moja ya baba na moja ya mama. Siyo ugonjwa, akasema, ni namna walinzi wa mwili wangu wanavyowashika watu na kuwakagua. Moshi wa tumbaku ukiingia kifuani hubadilisha kidogo vitu vya mwili wenyewe, kama mtu wa nyumbani aliyepakwa masizi usoni. Asiye na mbegu, walinzi wake wanacheka tu, wanamjua ni wao. Mwenye mbegu, walinzi wake wanamwona mgeni, na wanaanza kutengeneza silaha. Wanazitengeneza miaka mingi, kimya, kifuani. Siku moja silaha zinashuka kwenye viungo.

"Kwa hiyo nisipovuta siumwi?"

"Sikuahidi hivyo. Kuna wasiovuta wanaougua, na kuna wavutaji wanaozikwa na vidole vyao vimenyooka. Mbegu peke yake inaongeza hatari. Moshi peke yake unaongeza. Ila vikikutana, dada, havijumlishwi. Vinazidishwa."

Mimi nimeishia darasa la saba, lakini kujumlisha na kuzidisha najua. Nilikaa nikaitazama ile mikono ya mwanga hadi akaizima.

"Na kama mtu ameshavuta?"

"Akiacha, hatari inapungua, polepole. Akiwahi kabla vifundo havijaharibika, dawa tunazo, zinawatuliza walinzi. Akichelewa hadi vidole viende upande, dawa inazuia mbele tu. Nyuma hairudi."

Kisha akasimama, akaenda dirishani, akawa anaangalia nje ambako hakukuwa na kitu. "Sheria inanikataza kukuuliza kama una ndugu," akasema. "Kwa hiyo sikuulizi."

Kaswa nzima inajua nina ndugu. Asubuhi ileile tulikuwa tumefika naye hadi mlangoni pale, maana kila anayetimiza miaka ishirini na mitano huitwa kusomwa, na sisi tulitimiza siku moja. Mimi ni Doto, yeye ni Kulwa. Tulitoka yai moja. Mama mwenyewe, alipotuogesha tukiwa wachanga, alimfunga Kulwa uzi mguuni asije akamnyonyesha mmoja mara mbili. Mlangoni pale Kulwa alikataa, akaweka kidole chake kwenye kitufe cha kukataa, akawaambia manesi kwamba yeye mate yake anayahitaji. Wakacheka. Akarudi kwenye bani lake akipiga mluzi.

Na ana haki. Zamani zile, mama akiwa binti, watu walisomwa kwa nguvu na majibu yakabandikwa. Shangazi yetu Bugumba alirudishwa kwao na godoro lake, mume akisema hawezi kuoa mikono ya kuharibika. Wapo waliofukuzwa kazi kwa ugonjwa ambao haukuja hadi leo. Ndiyo ikatungwa Sheria ya Kutojua: asiyetaka kujua, asiambiwe, si na mganga, si na ndugu, si kwa neno wala kwa maandishi.

Lakini kile alichokikataa Kulwa mlangoni, nilitoka nacho mimi chumbani. Mwili wangu ndio mwili wake. Tofauti yetu ni kwamba Kulwa, katika wilaya nzima, ndiye mtu pekee mwenye ruhusa ya kuvuta tumbaku.

*

Mvua ya wilaya ilikuwa imepangwa saa kumi, kwa hiyo nilipofika nyumbani mama alikuwa ameshaanua karanga na amekaa sebuleni anazimenya. Nikamwamkia, nikakaa, nikachukua ungo nimsaidie.

Akaniuliza wamenipa nini huko. Nikasema hawakunipa kitu, maneno tu.

"Na mwenzako kapewa?"

"Alikataa, mama."

"Kukataa ni shauri lake. Wewe umepewa, mgawie."

Hakujua alichokisema. Kwake hiyo ni kama kusema funga mlango. Watu wa kwetu wanaamini kwamba pacha akipewa kitu, mwenzake naye apewe palepale, la sivyo yule aliyenyimwa ataugua, au atakasirika akarudi alikotoka. Mama ametulea hivyo na hajachoka. Kanga akinunua, anaikata mwenyewe kwa wembe. Kulwa alipovunjika mkono akiwa na miaka saba, mimi nilifungwa bandeji kwenye mkono mzima, nikatembea nao shingoni hadi wake ulipounga. Mwalimu akimchapa Kulwa, nami nanyoosha kiganja bila kuambiwa. Mwalimu mgeni aliwahi kutushangaa, akauliza hawa wana nini. Wenzetu wakamjibu ni mapacha hao, mwalimu, wewe chapa tu.

Nilikuwa nafurahi. Sijui kwa nini watu wanadhani tuliteseka. Hata leo nikila embe zima peke yangu naona kama nimeiba.

Jambo moja tu lilituuma. Tulipomaliza la saba, nafasi ya shule ya bweni ilikuja moja, na jina lilikuwa la Kulwa. Alinizidi kidogo sana. Baba aliigeuzageuza siku nzima ile habari, jioni akasema kitu hiki hakigawanyiki, akairudisha nafasi. Kulwa hakulia mbele yetu. Wiki iliyofuata baba akamchukua, akampeleka kwenye domo la moto la bani, akamwambia hapa ndipo shule yako. Mimi akanipa kazi ya kutunga majani kwenye fito. Bani akaligawa hivyo, moto kwake, majani kwangu, na ndivyo lilivyo tangu alipofariki.

Kwa hiyo nilipokuwa namenya karanga nilikuwa naipiga hesabu hiyo pia. Kulwa ameshapoteza kitu kimoja kikubwa kwa ajili yangu, na kile alichopewa badala yake, ule moto, neno moja la mdomo wangu lingetosha kukimaliza.

Mama akanijazia bakuli mbili za karanga, zikalingana, akapunguza moja punje tatu akazirudisha kwenye nyingine. "Ya mwenzako hiyo," akasema. "Mwambie asiwape wageni wote."

*

Serikali ilipokataza tumbaku iliacha bani moja, watu wasisahau. Wanakuja kutoka mbali. Treni ya kimya inawashusha Urambo, wanaletwa hadi kwetu wakiwa na wazee wao kwenye viti vya magurudumu, na wazee wale wanapelekwa karibu na mlango wa bani siku majani yanapogeuka manjano. Ndipo harufu inapotoka. Siwezi kuieleza kwa mtu asiyeijua. Ina asali ndani yake, ina mkate, ina nguo ya baba. Nimewaona wanaume wazima, waliosahau majina ya watoto wao, wakivuta pumzi pale na kuanza kuhesabu mabani ya kijiji chao, bani la fulani, bani la fulani, hadi wanafika la kwao.

Kulwa anajua kuwapokea. Nilipofika alikuwa anamtania babu mmoja mwenye kofia ya sufi, anamuuliza aliiba majani mangapi kwenye bani la baba mkwe wake. Babu anacheka hadi kifua kinakereza. Aliponiona akaacha.

"Geuka," akaniambia.

"Nini?"

"Geuka ukutani. Wewe umesomwa, na uso wako ni wangu, nauona kwenye kioo kila siku. Ukinitazama nitajua. Nipe mgongo."

Nikageuka kweli, nikampa bakuli la karanga kwa nyuma. Wageni wakacheka wakidhani ni mchezo wetu wa kuwachangamsha. Basi siku mbili zile nilifanya kazi nikiwa nimempa mgongo, natunga majani huku yeye anachochea moto nyuma yangu. Ilikuwa kama utoto, tulivyokuwa tunakaa migongo imegusana tunakula miwa na kila mmoja analinda upande wake.

Siku ya kwanza jioni, wageni walipoondoka, aliniambia mwenyewe, bila kuulizwa. "Nikijua, Doto, nitakuwa kila siku naitazama mikono. Nikiamka, naitazama. Nikichota maji, naitazama. Baba hakujua. Aliishi, akatutania, akafa. Mimi nataka vilevile."

Nikamwambia sawa.

Sikumwambia kwamba mimi ndiye niliyekuwa naitazama. Sina maneno mengi, nina macho. Tangu msimu uliopita nilikuwa nimeona kwamba asubuhi Kulwa hafungui kifuniko cha dumu, anaita mtu. Nilikuwa nimeona kwamba kabla hajashika koleo anakwenda ukuta wa nyuma wa bani, ule unaopitiwa na bomba la joto, anaegemeza viganja vyote viwili hapo na kusimama kimya kama anayesali, hadi vidole vifunguke. Anasema vimelala vibaya. Na asubuhi ya siku ya pili, nikiwa nimempa mgongo, niliona kivuli chake ukutani kikiinua kikombe cha chai. Kilikiinua kwa viganja viwili.

Sikuhitaji mashine hapo. Mganga alisema akiwahi. Kuwahi kwenyewe kulikuwa kunapita mbele yangu, kukiwa na kikombe mkononi.

Na adhuhuri ya siku ile ruhusa ya mwaka ilikuwa inaisha. Kila msimu, moto ukishakolea, afisa anakuja na mashine. Mtunza moto anaweka mkono kwenye kioo na anaulizwa swali moja: unajua kwamba una mbegu? Ajuaye kuwa anazo haruhusiwi kuvuta, na asiyevuta hawezi kutunza moto, kwa sababu majani yanaonjwa kwa kifua. Kila asubuhi mtunza moto anasokota jani la majaribio, analivuta, na anajua kama sukari imeshika au bado. Baba alijaribu kwa pua, kwa macho, akaunguza bani zima. Ni kifua tu. Asiyejua anaruhusiwa, kwa heshima ya kutojua kwake. Na huwezi kusema sijui huku unajua, maana kioo kinasikia damu inavyokimbia kwenye vidole.

Hivyo nikisema neno moja kabla ya adhuhuri, dada yangu anapoteza moto wa baba, nasi wote tunaupoteza, na wale wazee kwenye viti vya magurudumu hawatakuwa na pa kwenda. Na nitakuwa nimemvunjia haki ambayo shangazi Bugumba aliililia. Nisiposema, anapata mwaka mwingine. Atavuta kila asubuhi. Atakuwa na raha. Nami nitatunga majani nikisikiliza kule kuzidisha kunavyokwenda.

*

Kulwa akasokota. Hata kusokota kulimchukua muda, jani likawa linamtoroka, lakini hakuniomba. Kisha akafanya kama anavyofanya siku zote. Alikata msokoto katikati kwa kisu, akasema "wa Doto huu," akauweka kwenye tofali lililochomoza juu ya domo la moto.

Baba ndiye aliyeanzisha. Alipompa Kulwa msokoto wa kwanza alinipa na mimi nusu, nikakohoa hadi nikatapika, wakanicheka msimu mzima. Tangu siku hiyo sikuvuta tena, lakini fungu langu halikuacha kukatwa. Linakaa juu ya tofali hadi msokoto wa Kulwa uishe, ndipo analitupia motoni. Kwetu mtu hanyimwi kwa sababu hataki.

Nikageuka. Sikufikiri kwa muda mrefu, au labda nilikuwa nimefikiri kwa siku mbili bila kujiambia. Nikamtazama usoni, nikanyoosha mkono, nikachukua nusu yangu juu ya tofali.

Akacheka. "Leo una nini?"

Nikaiweka mdomoni. Ilikuwa na ladha ileile, tamu kwanza na uchungu nyuma. Nikachuchumaa, nikachukua kijinga cha moto kwa koleo.

"Doto, utatapika."

Nikakisogeza.

Akaendelea kutabasamu kidogo bado, halafu tabasamu likabaki peke yake usoni, yeye ameshaondoka. Alikuwa ananitazama. Nilimwacha ausome uso wangu, majibu yote yalikuwa humo. Mwaka hadi mwaka nimekataa moshi, na leo, siku moja tangu nitoke kwa mganga, nautaka. Kama majibu yangu yangekuwa mazuri, angeniacha nivute, angenipigia makofi. Nilitaka kuona kama ataniacha.

Akanirukia. Alinishika kifundo cha mkono kwa mkono wake wa kulia, akavuta kwa nguvu zake zote, na mkono wake ukateleza. Vidole havikufunga. Akanishika tena, vikateleza tena, kama vya mtu anayeshika samaki. Mara ya tatu akatumia viganja viwili, akanibana mkono katikati yao, akautikisa hadi koleo likaanguka na kijinga kikafia kwenye mchanga. Nusu yangu ilikuwa bado mdomoni, haijawashwa. Akainyakua kwa meno yake, akaitemea motoni.

Tukakaa chini. Alikuwa anahema. Wote wawili tulikuwa tunaiangalia ile mikono yake iliyokuwa magotini pake.

"Mbegu ngapi?" akauliza.

Nikakifukia kijinga kwa mchanga.

"Ni mbili. Ingekuwa moja usingethubutu." Akanigeukia. "Nilikwambia hata uso usinionyeshe."

"Sikukwambia neno."

"Usijifanye mjanja, Doto. Sheria hiyo wataijadili wenye shule. Mimi nakuuliza wewe. Nilikuomba kitu kimoja."

"Uliniomba."

"Na umeninyang'anya."

Nilitafuta la kujitetea nikakuta lipo jingi. La mganga, la kivuli, la kikombe. Nikaona yote ni kweli na hakuna linaloweza kulipia. "Ndiyo," nikasema. "Nimekunyang'anya."

Alinipiga. Alinipiga kofi la viganja ambavyo havikunjuki vizuri, likawa kama kugongwa na kijiti. Halafu akaanza kulia, siyo kwa sauti, machozi tu. Hata ile siku baba aliporudisha nafasi ya shule sikuyaona.

*

Afisa Sadoki alikuja kabla ya adhuhuri, kijana nadhifu, mashine ameibeba begani kama redio ya zamani. Mama alikuwa ameshafika na chai. Wageni walikuwa kama ishirini, wazee mbele, wajukuu zao nyuma. Wanaipenda sehemu hiyo, wanaona kama sherehe. Yule babu wa kofia ya sufi alikuwa ameomba asogezwe hadi kizingitini.

Nilidhani Kulwa atajaribu. Alikuwa amenawa uso, akajifunga kanga upya, na alipokuwa anakwenda kwenye meza alimpa yule babu utani wake mmoja kama kawaida. Nikawaza labda ana njia, labda mtu anaweza kuitandikia damu yake njia akaidanganya mashine. Na nikajikuta nataka aweze. Hilo sikulitegemea. Moto ulikuwa unavuma taratibu nyuma yangu, majani yalikuwa manjano safi, manjano ya siku ya pili, na nilitaka baba asitoke mle ndani.

Akaweka mkono kwenye kioo.

"Ubonyeze vizuri, dada," akasema Afisa Sadoki. "Kiganja chote."

"Ndipo kinapofika."

Kijana akainama akautazama mkono, akamtazama mwenyewe, akaelewa kitu, uso ukamwiva. Lakini kazi ni kazi. Akasoma swali lake.

Kulwa hakunitazama. Alimtazama mama. "Najua," akasema. "Sikutaka kujua, ila ndiyo hivyo, najua. Kwa hiyo sitavuta tena."

Mashine ikatoa mlio mdogo wa kukubali. Alikuwa amesema kweli.

Watu wengine hawakuelewa. Mtoto mmoja akauliza sherehe imeisha, na mama yake akamnyamazisha. Mama yetu aliweka birika chini, akaja, akamchukua Kulwa mikono, akaigeuza juu na chini, akaipapasa kidole kwa kidole kama anavyochagua karanga mbovu. Kisha akaichukua na yangu, akaipapasa vilevile. Alipoona yangu imenyooka alishusha pumzi, na palepale akaona aibu ya kushusha pumzi, akaachia yote.

Afisa alieleza kwa upole kwamba moto lazima uzimwe na mtunzaji mwenyewe. Majani hayataokoka, akasema, anasikitika. Kulwa akamwambia hayo anayajua kuliko yeye. Akavuta magogo nje moja baada ya jingine, kwa reki ndefu aliyoibana kwapani ili mwili ufanye kazi ya vidole. Sikumsaidia, maana moto ulikuwa wake. Mimi nilikuwa na majani, basi nikaenda nikafungua milango ya bani, yote miwili, jambo ambalo halifanywi kamwe siku ya pili.

Joto likatoka kwanza, likatupiga usoni. Kisha harufu. Haikutoka kidogokidogo kama tulivyozoea, ilitoka yote kwa pamoja, ya msimu huu na ya misimu yote iliyoshika kwenye matope ya kuta, ikapita juu ya wale wazee kwenye viti vyao. Yule babu akavua kofia. Nikafumba macho, na baba alikuwepo, amekaa kwenye gogo lake, anangoja mmoja wetu amwekee msokoto midomoni. Nilijaribu kumshikilia. Upepo ulikuwa unatoka mashariki siku hiyo, na Kaswa ni tambarare, hakuna cha kuzuia. Nilipofumbua macho ilikuwa imebaki harufu ya majivu.

Wageni wakaanza kusaidiana kugeuza viti. Mama aliwamiminia chai ambayo hakuna aliyeinywa. Kulwa alikuwa amesimama mbele ya domo jeusi, mikono ameipachika kwapani kama mtu anayesikia baridi. Nikamwendea, nikasimama hatua chache nyuma yake, nisijue kama natakiwa.

Alikaa hivyo hadi makaa yote yakawa meupe. Halafu akasema, bila kugeuka, kwa sauti ya mtu anayeuliza njia katika mji asioupenda:

"Huyo mganga wako anafunga saa ngapi?"

"Saa tisa."

Akaitazama barabara, akajifuta uso kwa mkono wa gauni, akaondoka. Hakunisubiri, na hakuniambia nisije. Nikavaa ndala zangu nikamfuata.